Valvu za Bwana Mifugo

Sitamtaja kwa jina. Si kwa kumstahi, bali kwa sababu jina lake limetajwa vya kutosha nyumbani kwangu. Lilitajwa asubuhi tukinywa chai, likatajwa jioni tukila ugali, na Jumapili lilitajwa kabla ya misa na baada ya misa. Hapa atakuwa Bwana Mifugo, kama mji mzima wa Mbulu ulivyomwita, maana ndiyo kazi iliyomleta kwetu kutoka huko upande wa Ziwa. Hata alipostaafu hakuna aliyemvua cheo hicho.

Na niseme mapema, msije mkajifanya mmegundua wenyewe: nilimwonea wivu. Mimi ni fundi wa redio na simu, nina kibanda changu karibu na soko. Nina binti mmoja, Paskalina, anayefundisha shule ya msingi kule Endagikot na kupiga gitaa kwenye kwaya yetu. Katika dunia hii sikuomba makubwa. Niliomba tu kwamba chombo cha umeme kikimsumbua mwanangu, aje aniulize mimi, baba yake, fundi. Yeye alikuwa anakwenda kumwuliza mganga wa ng'ombe.

Alikuwa mtu wa mabuti. Yale mabuti meusi ya mpira ya kuingilia zizini aliyavaa harusini, benki, na mbele ya altare, ila aliyasugua kwa mafuta mpaka yakang'aa kuliko viatu vya katekista. Alitembea polepole, mikono nyuma, akitazama kila kitu kana kwamba kina minyoo. Alinizidi miaka michache tu, lakini shikamoo yake hakuisamehe. Nikisema "Habari za leo," alisimama kimya akinitazama hadi nijirekebishe.

"Shikamoo."

"Marahaba, fundi. Habari ni nzuri."

Paskalina alianza kwa kumwita Mzee, yeye akakataa. "Mzee ni nani hapa? Niite Baba Mkubwa." Basi nikapata kaka nisiyemwomba. Mimi kwetu ni kifungua mimba. Mama yangu angekuwa hai angetaka kujua huyo mwingine alimzaa lini.

Chanzo cha yote ni amplifaya. Vijana wa leo hawajui valvu, kwa hiyo nieleze: ni vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kwa mwanga wa chungwa, vilivyokuwa kwenye redio za wazee wetu kabla ya transista. Bwana Mifugo alikuwa akiziokota redio hizo popote alipokwenda kuchanja ng'ombe. Watu walimpa kwa furaha, maana zilikuwa zinalaliwa na kuku. Akatoa valvu, akasuka transfoma kwa mkono barazani kwake, ulimi nje, akazipanga kwenye bati alilokata kutoka kwenye mlango wa jokofu bovu la kuwekea chanjo. Kisha akatengeneza kasha la mbao na kulivika ngozi ya ndama yenye manyoya yake, kahawia kwa nyeupe. Ukiiona kwa mara ya kwanza kanisani ungedhani kuna ndama amelala pembeni ya kwaya.

Kabla ya hapo kwaya ilitumia amplifaya yangu. Niliitengeneza mwenyewe, ya transista, safi, nyepesi, haikuwahi kukoroma. Siku ile ndama alipoingia kanisani nilisimama nyuma kabisa, nikitafuta kasoro kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Sikupata. Gitaa la mwanangu lilitoka nene, lenye joto, na kila sauti ilibaki hewani kidogo baada ya kidole kuondoka. Mama mmoja mbele yangu alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Nilitaka kumgusa bega nimwulize analia nini.

Amplifaya yangu ilirudi kibandani. Ikawa inapiga miziki ya kuitia wateja wa vioo vya simu. Mwenye wivu ajinyonge, ndivyo wasemavyo vijana wa bodaboda. Mimi sikujinyonga, nilipandisha sauti.

Alikuwa na namna yake ya kutafuta ubovu, na aliitoa zizini. Wewe na mimi chombo kikigoma tunakimbilia bisibisi. Yeye alikiwasha, akavuta kigoda, akakaa mbali nacho, mikono kifuani. "Usimguse mnyama kabla hujamwona amesimama," alisema. Alitazama valvu. Halafu akasogea akanusa. Halafu akaweka mgongo wa mkono juu ya transfoma, vile vile alivyopima homa kwenye sikio la ndama, na hapo ndipo alipochukua mita. Nilipomwona mara ya kwanza akifanya hivyo kanisani nilicheka. Baada ya muda nikajikuta kibandani, mlango umefungwa, nanusa simu.

Kuna jambo moja hasa alilomfundisha Paskalina, na Paskalina akaja kunifundisha mimi mezani, kana kwamba mimi nauza nyanya. Ndani ya valvu kubwa, zile za mwisho zinazosukuma spika, kuna nguvu inayotaka kukimbia. Kinachoishika isikimbie ni volti hasi unayoipeleka ndani yake. Bwana Mifugo aliiita kamba. Kamba ikilegea, valvu inakimbia hadi bamba la ndani linageuka jekundu kama kaa la moto, na haikawii kufa. Kamba ikikazwa mno, haifi, lakini sauti inakuwa nyembamba na kavu. Kuna kirungu kidogo unachokizungusha kwa bisibisi, na ufundi wote ni kujua pa kukiacha.

Volti hasi naijua. Niliijua Paskalina akiwa bado anabebwa mgongoni. Lakini sikuwahi kufikiria kuiita kamba, na hilo liliniuma kuliko mengine yote.

"Mnyama hasemi uongo," ulikuwa usemi wake mwingine, "mwenye mnyama ndiye anasema." Mkulima akimwambia kwamba ng'ombe wake anakula vizuri, yeye anatazama mavi. Paskalina akimwambia amplifaya ilikuwa nzima jana, yeye anatazama valvu. Usemi huo ulihamia kwangu. Siku moja nilimwambia mke wangu kwamba sina neno na Bwana Mifugo, mtu mwema tu, na Paskalina bila kuinua uso kwenye madaftari ya wanafunzi wake akasema, "Mnyama hasemi uongo." Mama yake alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa vifaa kupita kiasi. "Bisibisi haiazimwi," alisema, "kama mswaki." Sifa nazo hakuzigawa, Paskalina akitengeneza kitu vizuri, alipewa "Hm." Mwanangu alirudi nyumbani na ile "Hm" amejaa furaha, wakati mimi nilikuwa namwambia "umefanya vizuri sana mwanangu" tangu chekechea na haikuwahi kumsisimua. Alijisifu pia. Kitu akikitengeneza yeye, mji mzima utajua kabla ya chai ya saa nne, na kikitengenezwa na mwingine, basi kilikuwa kinakaribia kupona chenyewe.

Na mtu huyo, aliyeshika pembe za madume ya ng'ombe tangu ujana wake, alikuwa anaogopa majogoo. Kweli kabisa. Jogoo akiingia uani anapanda barazani, mabuti na yote, anaanza kuongea kwa sauti ya juu mambo ya serikali. Kupiga makofi kwa mdundo hakuweza. Kwenye kwaya alipigwa marufuku kusimama karibu na ngoma. Lakini sikio lake lilisikia mvumo mdogo wa umeme ambao mimi, fundi, niliusikia baada ya kuonyeshwa. Kiiraqw alikizungumza vibaya sana, akitamka maneno kama anayetafuna mfupa, na bibi zetu wote walimpenda kwa hilo. Walimpelekea maziwa ya mgando. Mimi nimezaliwa ndani ya lugha hiyo, na kwao nilikuwa tu yule fundi ambaye hajamaliza redio.

Kumwonea wivu mtu wa namna hiyo ni kazi ngumu, kwa sababu anakuharibia wivu wenyewe. Mwaka mmoja wa mvua nyingi ng'ombe wangu alishindwa kuzaa. Nilikuwa nimekata tamaa, mke wangu amekaa kwenye majani anamshika kichwa anamwombea. Paskalina akapiga simu, na Bwana Mifugo akaja kwenye matope, amekwisha kustaafu, haimhusu. Alivua shati, akaingiza mkono mpaka begani, akafumba macho. Alikaa hivyo akinong'ona peke yake, akamgeuza ndama ndani kwa ndani, akamtoa mzima. Hakutaka hata chai. Akanawa, akanitazama nikiwa nimesimama na taa ya simu, akasema, "Fundi, leo umeshika taa vizuri." Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtupia taa ile.

Sasa ubovu. Mbulu yote ilijua kwamba ndama wa Bwana Mifugo hapatani na Hanang. Hapa kwetu, penye baridi na ukungu, amplifaya ilipiga misa nzima bila tatizo. Kwaya ikialikwa chini Hanang, kwenye kanisa la bati, jua la mchana, wimbo wa tatu au wa nne valvu ya kulia inaanza kuwa nyekundu, sauti inavimba, na Paskalina anakimbilia swichi mbele ya waumini. Wakirudi Mbulu, wakiwasha, nzima. Wanapima kamba, iko sawasawa.

Bwana Mifugo alikuwa na jibu kila safari. Safari ya kwanza ilikuwa jenereta. Safari nyingine barabara, mtikisiko. Wakazibadilisha valvu, ya kushoto wakaiweka kulia, na wekundu ukabaki kulia pale pale, na yeye akasema ni hewa ya kule. Dawa yake ilikuwa ni kukaza kamba zaidi kila walipokuwa wanashuka, ili ikilegea ilegee kidogo. Wekundu ulichelewa, lakini sauti ikawa imekonda. Ule unene uliomliza mama wa watu ukapotea.

Paskalina alinisimulia haya yote mezani. Alinisimulia, hakuniuliza. Ni vitu viwili tofauti, na baba yeyote anajua. Nilikuwa nimekwisha kuhisi ugonjwa uko wapi. Wekundu usiohama hata valvu zikihama hauko kwenye valvu, na ubovu unaokuja na joto ni ubovu unaopenda joto. Lakini fundi anaitwa, hajipeleki. Nilikula nikasubiri kuitwa, na nilisubiri misimu.

Wakati huo huo nilimwombea safari njema kabla hajapanga safari. Nilisikia wanawe huko Ziwa wanamtaka arudi, kwamba mtu mzima hakai peke yake ugenini. Kila aliyeniletea habari hizo nilimpa kiti. Nilijiambia siku akiondoka, Paskalina ataangalia kulia, ataangalia kushoto, ataniona.

Siku ikafika, mwaka huu, kwenye baridi kali ya katikati ya mwaka. Mwanawe mmoja alikuja na gari, na mji ukaanza kumuaga. Jumapili iliyokuwa mbele kwaya ilialikwa Hirbadaw, huko huko Hanang, kufungua kanisa jipya. Jumamosi asubuhi Paskalina yuko mazoezini, simu yangu ikaita.

"Fundi. Njoo nyumbani."

"Shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba. Njoo."

Miaka yote hiyo sikuwahi kuingia kwenye chumba chake cha kazi. Nilichukua vifaa vyangu, na nilipopita saluni ya jirani yangu nikaazima draya, ile ya kukaushia nywele. Nilikuwa nimeifikiria draya hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema.

Chumba kilikuwa tupu. Kila kitu kimefungwa kwenye viroba, kimebaki meza, kigoda, na ndama juu ya meza, mgongo wazi. Bwana Mifugo alinyoosha mkono kunisalimu na nikauona unatetemeka. Haukuwa mtetemeko wa baridi.

"Huu mkono haushiki mita tena," alisema. "Na humo ndani kuna umeme wa kuua dume la ng'ombe. Amplifaya namwachia Paskalina. Sitaki kumwachia mgonjwa."

Nilitaka kuuliza kwa nini hakumwita Paskalina mwenyewe, lakini nilikuwa nimeitwa, na sikutaka kuhoji. Niliwasha. Nikaweka mkono mmoja mfukoni, umeme usipate njia ya kupita kifuani, mmoja kazini, nikagusisha mita kwenye mguu wa valvu ya kulia. Volti hasi thelathini na nane. Imetulia kama maji ya mtungi. Ukungu ulikuwa umejaa dirishani, valvu zinawaka kwa adabu.

"Unaona?" alisema. "Nzima. Daima hapa ni nzima."

Nikachomeka draya.

"Unataka kumsuka nywele?"

Kati ya hatua moja na nyingine ndani ya amplifaya kuna kapasita, kijipipa kidogo ambacho kazi yake ni kupitisha muziki na kuzuia umeme mkubwa usipite nao. Zilikuwa mbili, za kahawia, alizozitoa kwenye redio ya zamani. Kwa macho zilikuwa nzuri. Nikaipulizia ya kwanza hewa ya moto. Mita haikusogea. Nikaipulizia ya pili. Thelathini na nane. Thelathini na sita. Thelathini na mbili. Namba zilishuka mbele yetu, na ndani ya valvu ya kulia, pembeni, bamba likaanza kuona haya.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima, zima!"

Nikazima. Kapasita ilikuwa inavuja ikipata joto, na umeme uliovuja ulikuwa unailegeza kamba. Jenereta, barabara na hewa ya Hanang havikuwa na kosa lolote. Nilingoja aseme kitu. Kwa miaka nilikuwa nimeipanga kichwani sura atakayokuwa nayo siku hiyo, na sura aliyokuwa nayo haikuwa hiyo.

"Alishaniambia," alisema.

"Nani?"

"Binti yako. Tuliporudi kutoka Hanang safari ya kwanza kabisa. 'Baba Mkubwa, Baba anasema kitu kinachokataa kwenye joto usisubiri joto lije, kitie joto hapo hapo kilipo.' Nikamwambia baba yako ni mtu wa simu."

Nilikumbuka nilipoyasema hayo. Niliyasema kwa hasira, natafuna, uso kwenye sahani, sikumwambia mtu. Sikujua kwamba kuna aliyesikia.

"Sasa mbona hukujaribu?"

"Ningejaribu, ingekuwa kweli." Alikaa kwenye kigoda, mabuti yake mbele yake. "Wewe hujui. Kila nikimwonyesha kitu, yeye, 'Baba anasema.' Nikishika bisibisi, 'Baba anaishika hivi.' Nikimwambia usiguse, 'Baba aliniambia weka mkono mmoja mfukoni.' Wanangu wenyewe hawajui hata mita ni nini. Miaka yote hii nimeishi humu chumbani na wewe, fundi, na hata kiti hujawahi kukikalia. Nimechoka na wewe."

Nikakaa juu ya kiroba. Niseme ukweli: nilifurahi. Nilifurahi vibaya, furaha ya mtu aliyekuta shamba la jirani nalo lina magugu. Kisha nikautazama ule mkono wake gotini, nikamhurumia, na huruma haikuufukuza wivu, vilikaa pamoja. Nikafikiri kwamba Jumatatu atakuwa ameondoka, na kwamba hakuna mtu mwingine Mbulu nzima anayejua kunisumbua kiasi hicho.

"Kaa hapo hapo," nikamwambia. "Tusimwachie mgonjwa."

Nilimaliza umeme uliobaki ndani, nikang'oa kapasita ile, nikachomelea mpya niliyokuja nayo. Yeye aliinamia begani kwangu kila dakika. Mara risasi ya kuchomelea ni nyingi. Mara waya umepinda. Nilipomaliza akasema, "Hm," na niliisikia ikishuka mpaka tumboni. Tukapuliza draya mpaka meza ikapata joto. Thelathini na nane, haikusogea. Akaniamuru nilegeze kamba kidogo, pale ilipokuwa zamani, kabla hajaanza kuikaza. Nikazungusha. "Bado. Bado. Hapo."

Paskalina aliingia na gitaa mgongoni, mashavu yamepauka kwa baridi. Alisimama mlangoni alipotuona wawili, mimi na yeye, kwenye chumba kimoja. Akasalimu, tukaitikia wote. Alichomeka gitaa, akapiga sauti moja ya chini, akaiacha. Ilikaa hewani, nene, kama siku ile ya kwanza. Alifumba macho mpaka ikaisha.

"Imepona," alisema. "Nani ameuona ubovu?"

"Mimi," alisema Bwana Mifugo. Hata kope haikucheza.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya chumba nimeshika draya ya saluni, bado ya moto. Paskalina alimtazama yeye, akatazama draya, akanitazama mimi.

"Asante sana, Baba Mkubwa," alisema, na akapiga goti kidogo kwa heshima.

Kisha akaweka gitaa chini, akazunguka meza, akaja upande wangu. Aliinama juu ya mgongo wazi wa amplifaya hadi bega lake likagusa langu.

"Ni ipi, Baba?"

Bwana Mifugo alifungua mdomo ajibu, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuweka kidole.